Tulisema Dieudonné Amelala

Beni, mutaa wa Beu, mvua ikinyesha

Yaya wangu Albertine, dada yangu mukubwa,

Niko muzima. Naanza na hilo sababu najua utafungua hii bahasha na woga. Na wewe uko namna gani? Ule muguu unaovimba mvua ikikaribia umetulia? Batoto banasoma, ama masomo yamefungwa tena? Na muto unapitika? Huku habari za kwetu Kindu zinatufikia kama maji ya kuchota na kikapo: yanatoka mingi, yanafika tone.

Katika barua uliyopitisha kwa masista umeniuliza kwa nini nimetoka Butembo, na kwa nini sifanyi tena kazi ya ekipe ya mupira, mimi niliyekuwa najisifu nayo sana. Nitakueleza yote. Soma peke yako kwanza, kisha uamue kama utasomea bengine.

Unakumbuka serikali ilinituma Butembo kufundisha hesabu, mbele vita haijakata inchi vipande. Mushahara ulitoka Kinshasa. Vita ilipofika, Kinshasa ikawa paka sauti tu ku radio. Bazazi ba banafunzi balitusaidia na kile balichokuwa nacho: maharagi, makala ya jiko, siku ya sikukuu kuku moja kwa balimu bane. Njo hapo tajiri mumoja wa Butembo akaniita ku depot yake ya mali. Banamuita Papa Mbusa. Ni mutu mufupi, mupole, sijamusikia akipandisha sauti hata siku moja. Anaenda Dubai vile wewe unaenda sokoni.

“Mwalimu,” akasema, “nimesikia Kifaransa chako kiko safi. Niko na ekipe ya mupira, Radi. Natafuta secrétaire wa kuandika karatasi zake.”

Nilifikiri anapenda mupira. Mwezi haukuisha nikaona hapana. Match zetu za nje hazikufuata ratiba ya championnat, zilifuata soko. Soko ya maharagi ikiwa Kayna, tunacheza Kayna. Kila mulima wakati ule ulikuwa na barrière yake, muti wa mwanzi umekata barabara na basoda pembeni, na kila barrière ilikula: gunia hapa, katoni pale. Lakini camion yenye kubeba ekipe hawakuipekua. Bale basoda ni vijana, beko mbali na kwabo kama mimi, na banapenda mupira kuliko chakula. Basi bachezaji balikaa juu ya magunia na jezi zabo za bluu, na chini ya matako yabo mali ya Papa Mbusa ilipita bila kuguswa. Alinieleza bila haya: “Goli moja ya Radi inanilipa zaidi ku barrière kuliko ku stade.”

Na mwenye kufungua barrière zote alikuwa mutu mumoja, mushambuliaji wetu, Kasereka Dieudonné.

Hapa nikufahamishe kitu. Kwa Banande, batu ba huku, mutu anazaliwa jina likimungojea. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na vile wanaendelea. Ukiita Kasereka mu soko la Butembo, bichwa ishirini zinageuka. Lakini Dieudonné, hilo mama yake alilichagua mwenyewe. Basoda balilifupisha, bakamuita Dieu, ni kusema Mungu. Kila barrière neno la kwanza lilikuwa hilo: “Dieu iko?” Mimi mukatolika, lile swali lilinisisimua mwili kila mara. Yeye anacheka, anaruka chini, anapandisha mupira na muguu wa kushoto mpaka unalala ku shingo yake, basoda banapiga makofi, na mwanzi unapanda.

Maneja mumoja wa Kampala alimuona akicheza, akaahidi kurudi kumununua. Papa Mbusa alikuwa amekwisha kuchagua camion ya pili atakayolipa na ile bei.

Basi, yaya. Tulicheza Kayna. Dieudonné aliamka na homa, lakini alifunga magoli mbili. Kesho yake tukapakia, tukarudi. Alikuwa anatapika, hata maji hayakukaa tumboni. Tulipofika Lubero, kwenye kuna hospitali, nikagonga bati ya cabine. Papa Mbusa alikuwa ndani siku ile. Akashuka, akamuangalia, akamugusa paji la uso.

“Mwalimu, tukisimama hapa bataanza kuuliza na kupekua. Butembo si mbali. Kule atapata daktari muzuri zaidi.”

Nikarudi kukaa. Hakuna mutu aliyenilazimisha. Nilirudi nikakaa.

Kisha kupita Lubero kukawa ukungu, ule wa muchana wa huku milimani, hauoni hata kofia ya mutu wa mbele. Dieudonné alikaa katikati ya magunia mawili, kichwa ku bega langu. Akaniuliza: “Mwalimu, tumefika fasi gani?” Nikamuambia tuko karibu. Akauliza tena. Nikajibu vile vile. Kisha akaacha kuuliza, nami nikafurahi kwamba amepata usingizi. Bega langu likawa baridi. Nilisema moyoni ni ukungu. Nilipomushika mukono njo nilijua.

Bachezaji bengine balikuwa bamejifunika mifuko. Na camion ikapunguza mwendo sababu tumefika ku barrière.

Soda mumoja akapanda ku gurudumu, akachungulia. “Dieu iko?”

Bote bakanigeukia mimi. Nikasema: “Amelala.”

Ule soda alimuangalia muda murefu. Macho ya Dieudonné yalikuwa wazi kidogo. Nilingoja mutu apige kelele. Ule kijana akanyoosha mukono, akamufunga vifungo vya koti mpaka shingoni, pole pole. “Tika ye alala,” akabaambia benzake na Lingala yake, mumuache alale. “Jana amefunga mbili, tumesikia.” Kisha akainama ku sikio lake akasema, “Bonne nuit, Dieu,” usiku mwema, na ilikuwa saa sita ya muchana. Mwanzi ukapanda. Tukapita.

Tulipofika Butembo, Papa Mbusa akafunga milango ya depot. Bachezaji akabatuma nyumbani kwa miguu, akisema Dieudonné anapelekwa hospitali. Tukabaki yeye, chauffeur wa camion, na mimi.

“Nani anajua?” akauliza.

“Sisi batatu.”

“Basoda bamemuona leo saa sita. Alikuwa amelala. Basi iko vile.”

Tulimuzika mbele jua halijazama, mu shamba la Papa Mbusa la quinquina, ile miti ya dawa ya malaria. Padri hakukuwako. Nilianza Baba Yetu, nikafika ku “utusamehe”, nikasahau mbele kunafuata nini. Lakini kile ninachoona mpaka leo ni kingine. Mbele hatujamufunga mu shuka, Papa Mbusa alipiga magoti, akafungua kamba za viatu vya mupira vya Dieudonné, moja moja, vile baba anavua mutoto aliyesinzia. “Hivi vilitoka Dubai,” akasema. “Mwenye kuvivaa atakuja.”

Akakuja kweli, kutoka Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori. Kasereka Justin. Kasereka na yeye, umeona? Murefu sawa, mabega sawa. Alipewa habari kwamba ule aliyemutangulia amekimbilia Uganda na jina lake limebaki wazi. Nilitoa picha ya Dieudonné ku licence, kitambulisho cha muchezaji, nikabandika ya Justin. Kazi ilikuwa safi, Kifaransa changu pia. Bachezaji balielewa bila kuelezwa, lakini kila mumoja alikuwa na nyumba ya kulisha. Siku ya kwanza balimuita Justin. Siku ya tatu balimuita Dieu, na hakuna aliyekosea tena.

Ni paka Justin mwenyewe tu hakutulia. Siku moja, kisha kumaliza mazoezi, alinifuata.

“Mwalimu, nyuma yangu mu terrain, tukicheza, kunakaa nani?”

“Nyuma yako ni Kakule, unamujua.”

“Hapana Kakule. Kuna mutu anasema ‘kushoto, kushoto’, hapa karibu na sikio. Mimi ni mutu wa muguu wa kuume. Lakini nikimusikiliza, ninafunga.”

Nilimuambia apumzike. Ningemuambia nini kingine?

Kisha ikafika siku ya Beni. Maneja wa Kampala alikuwa amekuja, na mama ya Dieudonné anaishi hapa mu Beu. Nilimukumbusha Papa Mbusa juu ya mama. Akasema: “Stade ina batu mingi. Mama ataona jezi.” Tukapanda camion.

Ku barrière ya barabara ya Beni soda akauliza kama siku zote: “Dieu iko?” Justin akaruka chini, akapandisha mupira mpaka shingoni. Alikuwa amejifunza vizuri. Hakuna aliyepiga makofi.

“Huyu hapana,” soda akasema. Alikuwa mutu muzima, si kijana, mutu wa jimbo la Équateur. “Dieu amepita hapa asubuhi, kwa miguu. Nilimuita, hakugeuka. Hana viatu, na matope mpaka ku magoti. Nilifikiri mumegombana.”

Yaya, batu kumi na sita mu camion bakageukia cabine. Papa Mbusa akatoa kichwa ku dirisha. “Ndiyo,” akasema na sauti yake ile ile, “tumegombana kidogo.” Akashusha katoni moja ya sabuni, akaiweka chini mbele ya soda. Ilikuwa mara ya kwanza namuona akilipa barrière.

Stade ya Beni ilijaa. Justin alifunga moja mbele ya mi-temps. Maneja alikaa chini ya mwavuli, akiandika mu kitabu kidogo. Ku mapumziko nilikuwa pembeni ya bachezaji na maji yao, njo nikaona mama mumoja anavuka terrain, amevaa kitambaa cheupe ku kichwa, anatembea kama mutu anayekwenda ku shamba lake. Mama Masika. Nilikuwa nimemuona mara mbili tatu mbele ya siku ile, akileta chakula kwa mwana wake.

Alisimama mbele ya Justin, akamuangalia juu mpaka chini.

“Wewe uko mutoto wa nani?”

Justin akataja jina la baba yake, pale pale, kama mutoto mbele ya mwalimu. Mama akainamisha kichwa polepole, akasema wasingya, ni kusema aksanti, kisha akanigeukia.

“Secrétaire, mwana wangu alikuja nyumbani asubuhi. Viatu vyake viko na nani?”

Nikaangalia chini. Na yeye akaangalia fasi niliyoangalia, akaviona ku miguu ya Justin.

“Mama,” nikasema, “nikueleze.”

“Unieleze, lakini si kifo. Hicho nimejua tangu asubuhi. Mutu aliye hai akifika kwa mama yake anaomba chakula. Ule alisimama ku mulango, akanionyesha miguu yake. Nikaenda kuchota maji nimunawishe. Nikarudi, hakuna mutu. Sasa niambie alikufia wapi.”

Nikamuambia. Homa ya Kayna, hospitali ya Lubero, bati niliyogonga mara moja na sikugonga mara ya pili. Ukungu. Barrière. Miti ya quinquina. Hakulia. Alisikiliza vile batu banasikiliza bei.

“Na ulisema amelala.”

“Nilisema, mama.”

“Basi wewe njo utakwenda kumuamusha. Utamuleta nyumbani.”

Filimbi ya kipindi cha pili ilikuwa imelia, sikuisikia. Nilikwenda ku mwavuli kwenye Papa Mbusa na maneja balikaa, karatasi ya kuuza ikiwa ku meza ndogo. Nikasema mbele yabo wawili: “Bwana maneja, huyu si Dieudonné. Dieudonné alikufa. Licence niliitengeneza mimi.”

Nilingoja vita. Maneja akafunga kitabu chake, akanijibu na Kiswahili cha Uganda, bila hasira:

“Yule niliyemwona zamani alipiga kwa kushoto. Huyu ni wa kulia. Nilijua mapema tu, hata jasho halijamtoka. Mimi ninanunua miguu, mwalimu. Jina ni kazi ya kalamu.”

Akavuta karatasi. Akakata Dieudonné na musitari mumoja, akaandika Justin pembeni, akapuliza wino ikauke. Kasereka akaiacha vile ilivyokuwa. Ilichukua muda mufupi kuliko kuweka sukari mu chai.

Nilimuangalia Papa Mbusa. Hakuwa na haya, hapana. Alikuwa anaangalia ile kalamu kama mutu aliyelipa sana kitu kumbe kinagawiwa bure. Kisha akaniambia, polepole kama siku zote, nisipande tena camion yake.

Match ilipoisha Justin akakaa chini katikati ya terrain, akavua viatu, akavipangusa na jezi, akamupelekea mama na mikono miwili. Akaingia mu gari ya maneja miguu wazi. Nasikia anacheza vizuri huko. Nasikia pia hasikii tena mutu nyuma yake, na magoli yamepunguka.

Chauffeur njo alitutafutia pickup. Kile kitu kilikuwa kinamukula pia. Tulikwenda Butembo mama, ndugu zake babili, katekista wa parokia yabo, chauffeur na mimi. Papa Mbusa alikuwa safarini. Mulinzi wa shamba alituona na majembe, akafungua bila kuuliza. Tulichokuta sitakuandikia, paka hii tu: tulimuzika amefungwa mu shuka mara mbili, na shuka ilikuwa bado imefungwa, fundo zangu mimi mwenyewe. Ndani yake miguu ilikuwa na matope mpaka ku magoti, yamekauka. Udongo ni udongo, utasema. Nami nasema vile, nikiwa na batu.

Kurudi, ku barrière ya barabara ya Beni alikuwa soda ule ule wa Équateur.

“Munabeba nini?”

Bote bakaningoja mimi, vile bachezaji balinigeukia siku ile.

“Ni Dieudonné,” nikasema. “Amekufa. Alikufia barabara ya Lubero, ku bega langu, na mimi nikasema amelala.”

Ule soda akashusha bunduki, akaisimamisha ku muti. Akaita benzake. Hawakuuliza karatasi wala sabuni. Baliinua mwanzi, kisha bakatembea pembeni ya pickup, batu sita, bunduki zabo zimebaki nyuma, mpaka ku kona, na chauffeur akaendesha mwendo wa miguu yabo. Bakasimama pale. Sikugeuka kuangalia bamesimama muda gani.

Tulimuzika hapa Beni na padri, na viatu vyake ku miguu. Tangu siku ile hakuna aliyemuona tena, si mama, si basoda. Radi inacheza bado, iko na secrétaire mwingine, na Papa Mbusa ana camion mbili. Mimi nafundisha ku masomo ya parokia, na Mama Masika amenipa chumba nyuma ya nyumba yake. Sikukiomba. Alisema mutu wa mbali hawezi kulala barabarani. Chakula ananipa, nguo zangu anashonea vifungo. Siku zingine ananiangalia muda murefu, kama mutu anayesoma barua ya mwandiko mubaya, kisha anarudi ku kazi yake. Hajasema amenisamehe. Sijamuuliza.

Hiyo ndiyo habari. Sasa nina ombi moja, yaya, na si la franga.

Nimefanya kazi ya karatasi, najua kinachoandikwa humo. Barabara ni mbaya, na kati yangu na wewe kuna barrière sitaweza kuzihesabu. Siku moja mutu anaweza kukuletea barua, na muhuri, na mwandiko muzuri, ikisema nimekufa. Usianze matanga. Ama italeta habari kwamba niko muzima, nakusalimia sana. Usifurahi. Muulize ule mwenye kuleta: mama alikuwa anamuita mudogo wangu nani, jikoni, mbele hajaanza masomo? Lile jina tunalijua paka wewe na mimi tu, mama amekwenda nalo. Sijamupa mutu huku, hata Mama Masika. Akilisema, muamini, ni mimi nimemutuma. Asipolijua, mupe maji ya kunywa, umushukuru, na ufunge mulango.

Nisalimie shemeji, umuambie baiskeli yake nimeikumbuka. Nisalimie mama mudogo anayeuza samaki ku bandari, na muzee katekista aliyenifundisha kusoma. Mutoto wako wa mwisho, ule sijamuona bado, umubebe kidogo kwa niaba yangu. Ku kaburi la mama uondoe majani, mvua hizi zinayakomaza mbio.

Sitatia jina hapa chini. Wewe unalijua.

Mudogo wako